Mtu wa Sita Mstarini

Inspekta Garvey alikuwa amekwisha kuvaa koti la kutokea, na askari aliyevaa koti la kutokea hana nia ya kujibu maswali ya mtu. Naftali Njenga aliliona hilo tangu mlangoni. Akavuta kiti, akajikalia hivyo hivyo.

"Nimekwisha kukwambia," alisema inspekta. "Mjane alipita mbele ya wanaume tisa. Hakumgusa hata mmoja. Kijana anarudi kwao kesho."

"Bila mashtaka?"

"Nimshtaki kwa kosa gani, bwana? La kuwa na sura mbaya?"

Mzaha huo ungefaa kwa kesi ya kuku aliyeibiwa. Hapa aliyekufa alikuwa Chaman, mwenye duka la magazeti na sigara kule Ilford, mtu aliyefukuzwa Kenya na sheria za vibali, akabisha hodi Uingereza mpaka mlango ukafunguliwa. Jioni moja mtu alimimina petroli kwenye tundu la barua la mlango wake, akatupia na kiberiti. Chaman alishuka ngazi na blanketi akauzima ule moto, lakini moshi ukamzima yeye. Mkewe, Sushila, alikuwa dirishani juu. Alimwona kijana amesimama chini ya taa ya barabarani, kichwa kakiinua, anacheka. Jina lake hakulijua, uso tu, na sura aliyowaelezea polisi ilimfaa Raymond Tull, anayekaa mtaa wa pili kutoka dukani. Debe la petroli halikuwa na alama ya kidole, na majirani wote, wacha we, walikuwa wamelala saa ile watu wanapokula chakula cha jioni. Kesi nzima ilikuwa imebebwa na macho ya Sushila.

"Wale wanane wengine," Naftali aliuliza, "walifanana naye, au mliokota wazee na vilema?"

Swali hilo lilimwudhi inspekta, na inspekta aliyeudhika husema mengi. "Umri mmoja, kimo kimoja, wote na makoti. Tull mwenyewe alichagua pa kusimama. Wakili wake alikuwepo. Mimi sikufungua mdomo, kabla wala baada, ila kumwambia mama yule apite, na akimwona amguse bega. Maelekezo ya kamati yanasema hivyo. Nenda kamwulize bosi wako. Aliyeyaandika ni yeye."

Naftali alisimama. Alikuwa amekuja na dhana moja tu kichwani, kwamba gwaride la utambuzi lilichezewa. Dhana hiyo ilikuwa imekufa, na kibaya zaidi alimwamini Garvey. Angefurahi sana kumkuta mwongo.

Naftali alikuwa koplo wa upelelezi Kisumu kabla ya kuja London kusoma sheria. Masomo yalimshinda njiani, siyo kwa ujinga bali kwa tumbo, akabaki akiwafanyia mawakili uchunguzi. Kazi aliyoipenda ni ile ya Bi Edith Lindner, bosi huyo aliyetajwa na Garvey, kwa kuwa Bi Lindner alimtaka alete ukweli hata ukiwa mchungu. Wengine walimtaka alete ushindi.

Aliwatafuta watu wa mstarini. Watatu hawakutaka kusema na mtu mweusi, mmoja alikuwa mlevi. Wa tano alikuwa muuza maziwa aliyeitwa Pocock. Alimkuta mkahawani, amemaliza kugawa chupa zake, anafakamia mayai.

"Ulisimama wa ngapi?"

"Wa saba."

"Mama alifanya nini alipofika kwako?"

"Alinitazama, akapita. Mimi nina uso wa kawaida tu." Pocock alifuta sahani kwa mkate. "Kwa yule jirani yangu ndipo aliponishangaza."

"Jirani yupi?"

"Wa sita. Alipofika pale alilivuta lile vazi lake, pindo lile la kichwani, akajifunika uso wote. Akapita hivyo. Alipofika kwangu akalifunua tena."

Naftali aliiweka kalamu chini. "Na kwa wa kwanza mpaka wa tano?"

"Uso wazi kabisa. Tulikatazwa kugeuza vichwa, lakini nani asingechungulia?"

"Ulimwambia inspekta?"

"Hakuniuliza," alisema Pocock. "Ningejuaje kama ni kitu?"

Lo! Mtu wa sita alikuwa Tull. Garvey angeweza kukana mbingu na ardhi, lakini hilo lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe katika taarifa ya gwaride. Ndani ya treni ya kwenda Ilford Naftali alijikuta anatabasamu peke yake, mpaka mama mmoja akahamia kiti kingine. Alikuwa ameshajenga dhana ya pili: Sushila alimtambua, akaogopa. Mtu alikuwa amemtisha. Amtafute huyo mtu, na kesi itafufuka.

Mlango wa duka ulikuwa na kioo kipya.

"Nani amekileta, mama?" alimwuliza Kokila, mama yake Chaman, aliyemfungulia.

"Mzungu moja. Naleta, naweka, naenda. Hapana taka pesa."

Moyo wa Naftali uliruka. "Mzungu gani? Alisema nini?"

"Ile ya kuuza nyama, hapo kona." Bibi alikunja uso. Maisha yake yote hajaonja nyama, na sasa alikuwa na deni la wema kwa mchinjaji. "Nalia. Nasema pole. Mtu mzuri, lakini nanuka."

Dhana ya pili nayo ikaenda na maji. Naftali alinyoosha mkono kumpa mfuko wa machungwa aliokuja nao.

"Weka chini," alisema Kokila.

Aliuweka sakafuni. Bibi akausogeza kwa mguu mpaka ukutani. Naftali akapanda ngazi zilizonuka moshi, akaingia chumbani, akakaa karibu na mlango. Hakuna aliyemkaribisha chai. Kisumu nzima hapakuwa na nyumba ya Kihindi ambayo ungeketi dakika mbili bila kikombe cha chai ya maziwa kusukumiwa mbele yako, utake usitake. Alikumbuka zamu zake za kupeleka taarifa za vifo mtaa wa maduka, na namna wenzake walivyomwonya: nyumba yenye sutak haimpi mgeni chakula, wala watu wake hawamgusi mtu, mpaka siku ya kumi na tatu ipite. Ni mwiko wa matanga yao. Alikuwa ameujua mwiko huo miaka yote, na leo ndipo ulipomkaa kichwani.

Sushila aliketi kwenye mkeka, amevaa sari nyeupe ya ujane. Hakuwa amefika miaka thelathini.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, kaka Naftali," alijibu kwa Kiswahili cha Kisumu kilichonyooka, na ilionekana wazi kwamba hajapoa.

"Siku ile ya gwaride. Ulimwona mtu wako?"

"Nilimwona."

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Sasa, dada yangu, mbona hukumgusa?"

Kokila alidakia kutoka mlangoni. "Nagusa namna gani? Sutak bado. Mimi nasema yeye asubuhi, usiguse mtu, hata polisi, hata nani."

"Nilidhani kugusa bega ni njia mojawapo tu," alisema Sushila taratibu. "Nikasema moyoni, nipite mpaka mwisho, kisha yule mkubwa ataniuliza, nami nitamwambia ni huyu. Nilifika mwisho. Hakuniuliza kitu. Alinifungulia mlango, akasema asante. Nikafikiri labda wameona. Wote waliona nilivyofanya."

"Ulijifunika."

"Sikutaka auone uso wangu ndani ya nyeupe hii. Yeye ndiye aliyenivika." Akaushika ukingo wa mkeka. Baadaye akauliza, "Nimeharibu, siyo?"

"Hujaharibu chochote," alisema Naftali. Na haki ya Mungu, wakati ule aliamini.

Ofisi ya Bi Lindner ilikuwa Temple, kwenye majengo ya mawakili, ghorofa ya tatu bila lifti. Naftali alipanda akihema, akamwaga kila kitu kabla ya kukaa: muuza maziwa, pindo la sari, mtu wa sita, machungwa sakafuni. Bi Lindner alisikiliza amefumba macho, sigara inajiunguza yenyewe kidoleni. Alikuwa mwembamba, nywele fupi za mvi, na kwenye mkono wa kushoto ile namba aliyochanjwa kambini na Wanazi, ambayo hakuwahi kuificha wala kuitaja.

Alifika Uingereza akiwa na miaka kumi na saba, mzigo wake ukiwa gauni moja. Alipiga deki hospitalini mchana, akasoma sheria usiku, akawa wakili wakati mawakili wanawake walikuwa wa kuhesabika. Wahindi wa Kenya walipokuwa wakirushwa kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, hakuna nchi inayowataka, ni yeye aliyelala kwenye mabenchi ya Heathrow na majalada yake, akawatoa mmoja mmoja. Chaman na Sushila walikuwa miongoni mwao. Baadaye serikali ikamwita kwenye tume hii na kamati ile, na siku hizi minong'ono ilisema atapewa kiti katika baraza la juu la Bunge. Alicheka kila alipoulizwa, ila hakukanusha.

"Kazi nzuri," alisema mwishoni. "Ulipomwuliza alikuwa wa ngapi, nani mwingine alikuwepo?"

"Mama mkwe."

"Basi alilokwambia limekwisha kufa. Watasema umemfundisha. Akilisema mahakamani, watasema amefundishwa na wewe na mama mkwe pamoja. Na gwaride la pili haliwezekani, kwa kuwa uso wa Tull ameshauona mstarini." Alizima sigara. "Kimebaki kile alichokiona muuza maziwa. Mwanamke alijifunika uso."

"Mbele ya mmoja tu, Mama! Kati ya tisa! Hiyo ni sawa na kumgusa."

"Ni ishara."

"Ishara iliyo wazi kuliko mchana."

"Keti, Naftali."

Alikuwa hata hajaketi. Akaketi.

"Kambi yetu ilipokombolewa," alisema, "ilikuwa baridi. Kaka yangu Josef alikuwa hai. Mimi na yeye tu, kati ya watu wote wa nyumba yetu. Aliokota koti la mlinzi aliyekimbia, akalivaa, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Wanajeshi wakawauliza wafungwa, walinzi ni wepi? Mama mmoja mgonjwa, hawezi hata kusema, alimtazama Josef akatikisa kichwa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema ndiyo, au hapana, au kichwa kilikuwa kinamwanguka tu. Nilikwenda kutafuta maji. Niliporudi walikuwa wameshampiga risasi."

Bi Lindner aliendelea.

"Ndiyo maana, nilipopewa ile kamati ya maelekezo ya gwaride, nilipigana na kila mtu. Nikasema macho hayatoshi, kutikisa kichwa hakutoshi, kulia hakutoshi, kuzirai hakutoshi. Shahidi aguse, au aseme kwa mdomo wake bila kuulizwa, na polisi anyamaze. Kuna kijana alikuwa amefungwa miaka sita kwa sababu bibi mmoja aliguna alipomwona. Nilimtoa. Walinipigia makofi." Alimtazama Naftali usoni. "Garvey alinyamaza kwa sababu mimi nilimfunga mdomo. Angemwuliza swali moja tu, 'yupo au hayupo?', leo tusingekuwa hapa."

"Sasa tufanyeje?"

"Sheria inamruhusu raia kufungua mashtaka mwenyewe polisi wakikataa. Asubuhi nitamwomba hakimu, kwa niaba ya Sushila. Nitasema kujifunika ni kutambua."

"Watakubali?"

"Watanisomea maneno yangu mwenyewe," alisema Bi Lindner, akavuta karatasi aanze kuandika.

Asubuhi mahakama ilijaa kuliko walivyotegemea. Waandishi wa magazeti walikuja kwa ajili ya Bi Lindner, siyo kwa ajili ya Chaman. Tull aliketi na wakili wake, amechana nywele, amefungwa tai, mtoto wa watu. Sushila na Kokila waliketi nyuma, na Naftali kwenye benchi la mbele yao, asije akawagusa kwa bahati mbaya.

Pocock alieleza vizuri, hakutia chumvi. Bi Lindner alisimama akazungumza kwa nusu saa bila kutazama karatasi. Alieleza sutak. Alieleza maana ya nguo nyeupe. Alimwuliza hakimu kama sheria inaweza kumwambia mwanamke avunje matanga ya mumewe ndipo iamini macho yake. Hakimu, mzee mwenye miwani, aliacha kuandika akawa anasikiliza tu. Naftali alianza kuwa na tumaini, akalikemea, lakini likakaa.

Wakili wa Tull alikuwa kijana. Alisimama na kijitabu, akakohoa. "Mheshimiwa, sina hoja yangu. Nina maneno ya mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii." Akasoma: "'Mwili wa binadamu mwenye huzuni husema mambo mengi, na sisi tusiokuwa ndani yake hatujui hata moja. Asihukumiwe mtu kwa ishara ambayo mwenye kuitoa hakuitoa iwe shutuma.'" Akafunga. "Mheshimiwa, hata mjane hasemi alijifunika ili kumwonyesha. Alijifunika ili asionekane."

Naftali alijua, kama koplo na kama mtu, kwamba kijana amegonga penyewe.

Hakimu alivua miwani. "Bi Lindner, maneno haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Nitakuuliza waziwazi, maana jambo hili limenitatiza, na ninakiri hoja yako ya leo imenigusa. Uliyaandika miaka michache iliyopita. Je, umebadili mawazo?"

Sema ndiyo, Mama, Naftali aliomba moyoni. Ndiyo moja tu. Nani atakulaumu? Watu hubadili mawazo kila siku, mawaziri hubadili kabla ya chai. Aliona mgongo wa Bi Lindner, aliona vidole vyake vimebana ukingo wa meza mpaka vimekuwa vyeupe. Tull alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana anaogopa. Bi Lindner aligeuka nusu, akamtazama kijana yule kwa muda mrefu, akawatazama wanawake wawili kule nyuma.

"Hapana," alisema. "Sijabadili."

"Basi unaniachia njia gani?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Hakimu aliomba radhi kwa mjane kabla ya kutoa uamuzi. Alikuwa mtu mwungwana. Ombi likatupwa. Mama yake Tull alipiga yowe la furaha, waandishi wakakimbilia simu, na kijana akatoka huru kupitia mlango wa mbele, huku anapigwa picha.

Nje, kwenye ngazi, Naftali alimfuata Bi Lindner akiwa amefura kwa hasira. "Alikuwa amekufungulia mlango, Mama. Uwongo mmoja. Neno moja!"

"Najua."

"Ulijua atauliza hivyo?"

"Usiku kucha nilijua. Nilidhani nitaweza." Alijaribu kuwasha sigara, kiberiti kikazimika, akajaribu tena. "Nilipomtazama yule mtoto, nilikuwa na hakika ni yeye. Kabisa, Naftali. Hata yule mwanajeshi aliyempiga Josef alikuwa na hakika."

Naftali alitaka kumjibu vibaya.

Wanawake walikuwa wanashuka ngazi, Kokila mbele, Sushila nyuma yake hatua chache. Walisimama mbali kidogo. Bi Lindner alikwenda mpaka umbali ule ule unaofaa, akaunganisha viganja vyake kifuani kama alivyofundishwa Heathrow, akainama. Kokila aliugeuza uso. Sushila aliinama naye.

"Dada," alisema Naftali, "mama huyu anataka kukuomba…"

"Subiri, kaka. Mwulize kitu kwanza. Mwambie nimesikia yote ndani, nimeelewa zaidi ya nusu, sina hasira naye. Lakini yeye ni mtu wa sheria, na mimi nina swali la sheria."

"Uliza."

"Yule kijana hununua sigara kwetu. Tangu tulipofungua. Hakuna duka lingine karibu." Alisema polepole, ili Naftali asipoteze kitu. "Akija kesho, akaweka mkono kwenye meza ya Chaman, nimuuzie?"

Naftali alitafsiri. Sentensi ile fupi ilimchukua muda, akaikatiza mara mbili. Bi Lindner alisikiliza mpaka mwisho. Magari yalipita, mpiga picha mmoja akaja mbio, akaona sura zao, akarudi.

"Mwambie sijui," alisema Bi Lindner.

"Anasema hajui, dada."

Sushila aliitikia kwa kichwa. Akatazama saa ya ukutani ng'ambo ya barabara, akamwambia mama mkwe kitu kwa Kigujarati, kisha akamgeukia Naftali.

"Basi tuonyeshe kituo cha treni, kaka. Magazeti yanakuja alfajiri, na sasa wa kuyafungua ni mimi."